Wakili amekalia pesa zako? Soma huu uzi kabla hujapanda basi la Nairobi kwenda LSK

KaraniMkongwe (mwanzilishi wa uzi)

Salaam aleikum nyote. Kule kwenye uzi wa ajali za bodaboda nimeona kila anayemlalamikia wakili wake anapewa jibu moja tu: "Mpeleke LSK, watamfuta." Nimekuwa karani kwa mawakili hapa Mombasa sehemu kubwa ya umri wangu, nikibeba faili baina ya ofisi na masjala ya mahakama, na nimeona watu wakipoteza muda mrefu mno kwa kubisha mlango usiokuwa wao. Basi nieleze nyumba hii ilivyo, halafu mwenye kuongeza aongeze.

LSK, yaani Chama cha Wanasheria wa Kenya, ni chama. Kinaendeshwa kwa sheria yake ya mwaka 2014, na kila wakili wa nchi hii ni mwanachama, atake asitake. Wanachama wenyewe ndio wanaomchagua rais wao na baraza lao. Sheria hiyo imekitwika kazi mbili kwa pamoja: kuwatetea mawakili, na kuusaidia umma katika mambo yanayohusu sheria. Ile kazi ya pili mliiona Juni 2024, mawakili walipojitolea kuwatetea bure vijana waliokamatwa kwenye maandamano, na LSK ikawa mbele kuwatafuta waliotoweka. Watu wakakipenda chama, na kilistahili. Lakini ukienda pale na malalamiko kwamba wakili wako amekula fidia yako, unahisi kama umeenda kumshtaki mtu kwa ndugu zake. Hisia hiyo si ya bure.

Nidhamu ya mawakili imewekwa katika sheria nyingine: Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Humo ndimo muanzie.

Mlango wa kwanza, ambao wengi hawaujui kabisa, ni Tume ya Malalamiko ya Mawakili. Iko chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, si chini ya LSK. Haitozi chochote. Unaandika barua ya kawaida, kwa Kiswahili ukipenda, unaambatanisha nakala za karatasi zako. Tume inamtaka wakili ajieleze. Mambo madogo (simu hazipokelewi, faili haionekani, hujui kesi imefika wapi) mara nyingi huishia hapo, kwa sababu wakili akiiona barua ya Tume, faili iliyopotea huwa inapatikana ghafla. Jambo likiwa zito, Tume yenyewe ndiyo inayompeleka mbele ya Jopo la Nidhamu.

Jopo ndilo lenye meno. Wamo Mwanasheria Mkuu au mwakilishi wake, na mawakili waliochaguliwa na wenzao, na katibu wake ndiye katibu wa LSK. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Wanaona jina la LSK kwenye barua, wanadhani LSK ndiyo inayohukumu. Jopo likimpata wakili na hatia linaweza kumwonya, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka 5, au kuamuru jina lake lifutwe kwenye orodha ya mawakili. Na hili lisomeni mara mbili: linaweza kumwamuru akulipe fidia isiyozidi shilingi milioni 5. Naye asiporidhika ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Haya, ulizeni.

MzeeWaFeri

Shukran karani. Umenigusa penye kidonda. Kaka yangu alikuwa kibarua bandarini, akabanwa mkono, vidole viwili havifanyi kazi tena. Kesi ikaisha kwa maelewano na kampuni ya bima. Wakili mwenyewe alimpigia simu kumpongeza! Tangu hapo ni njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, hundi haijaiva, benki ina matatizo ya mtambo. Sasa ukienda ofisini, msichana wa mapokezi anakwambia wakili yuko Malindi. Kila siku Malindi. Huko Malindi kuna kesi gani zisizokwisha?

Bint_Tudor

😂😂 Wangu alikuwa kila siku Voi.

KaraniMkongwe

Pole kwa kaka yako, mzee. Kabla ya yote, nijibu haya: alitia saini karatasi ya kukubali kiwango cha fidia? Ana nakala yake? Na je, mnajua kwa hakika kwamba bima imelipa, au mnadhani tu?

Nauliza kwa sababu mara nyingi mteja hana hata karatasi moja mkononi. Kila kitu kiko kwa wakili. Wakili akisema bima haijalipa, utambishia kwa lipi? Aende kampuni ya bima, ile iliyokuwa ikimtetea mwajiri, akiwa na kitambulisho na namba ya kesi, awaandikie kuuliza: mlilipa lini, shilingi ngapi, kwa hundi au kwa benki, na kwa jina la nani. Aombe jibu kwa maandishi. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko kulalamika redioni.

MzeeWaFeri

Alitia saini lakini hakupewa nakala. Sikujua kama bima wanaweza kutujibu sisi.

KaraniMkongwe

Jaribuni. Wengine hujibu upesi, kwa sababu nao hawataki kuambiwa hawakulipa. Wakikataa, nendeni masjala muombe kulisoma faili la kesi. Makubaliano yaliyorekodiwa mahakamani yamo humo, na ada ya kuperuzi faili ni ndogo.

Wakili_Kizingo

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni wakili na sioni haya kusema kwamba wako wenzetu wanaotuaibisha. Lakini tuseme haki pande zote. Si kila pesa iliyochelewa imeibwa. Kuna hundi zinazorudi, na kuna bima zilizowekwa chini ya msimamizi. Na kuna wateja wanaotaka walipwe kila senti, halafu ada ya wakili aliyepambana miaka minne waiite wizi. Sheria inampa wakili haki ya kuzuilia karatasi au pesa za mteja kwa ada anayodai kihalali.

Abu_Salma

Ndio hapo sasa! "Kihalali" kwa hesabu ya nani? Mimi nilikatwa thuluthi. Aliniambia tangu mwanzo: usilipe kitu, tukishinda nachukua thuluthi, tukishindwa hatudaiani. Nikaona huyu mtu mwema kweli.

KaraniMkongwe

Abu Salma, umeniletea jambo nililotaka kulifikia kwa hamu. Wakili Kizingo atanisahihisha nikiteleza.

Mpango huo, wakili alipwe ikiwa tu kesi imeshinda, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinasema ni batili. Ni batili tangu siku ya kwanza, hata ukiwa umetia saini, hata mkiwa mmepeana mikono mbele ya shehe. Na ndio mpango unaotumika zaidi mjini hapa kwa kesi za ajali. Madalali wa kesi wanazunguka wodini wakiunadi, mgonjwa bado ana bomba la maji mkononi, na hao madalali nao wamekatazwa na sheria hiyo hiyo.

Ada inatakiwa ifuate moja kati ya njia mbili. Ama mwandikiane makubaliano ya kiwango, nawe utie saini. Ama ihesabiwe kwa Amri ya Ada za Mawakili, ambayo ina viwango kwa kila aina ya kazi, na wakili haruhusiwi kutoza chini ya hapo ili kuwanyang'anya wenzake wateja. Msipokubaliana, mnapeleka hesabu kwa Naibu Msajili wa mahakama, anaipitia mstari kwa mstari na kuikadiria. Nimewahi kukaa kwenye hizo hesabu mchana kutwa, wakili anadai safari kumi za mahakamani, faili linaonyesha sita. Naibu Msajili anachukua kalamu nyekundu. Ni burudani yake peke yake.

Tena wakili hawezi kukushtaki kwa ada mpaka akupe hesabu iliyotiwa saini na upite mwezi mmoja. Hivyo anayekwambia "nimeshakata changu" bila kukuonyesha hesabu yoyote, mwambie kwa adabu: naomba hesabu yako kwa maandishi, tuipeleke kwa Naibu Msajili.

Wakili_Kizingo

Hapo sina la kusahihisha. Ila niseme hivi: maskini aliyevunjika mguu Changamwe hana pesa ya kumlipa wakili mwanzo. Mkikaza sana hicho kifungu, nani atamchukulia kesi? Ule mpango wa asilimia, ubaya wake wote mliousema, ndio uliowafikisha wengi mahakamani.

KaraniMkongwe

Hoja yako ina uzito, na Bunge linaweza kuibadilisha sheria likitaka. Kwa sasa haijabadilishwa. Na hata pale unapotumika, pesa ya mteja inatakiwa iingie kwenye akaunti ya wateja, mbali kabisa na akaunti ya ofisi. Hizo ni Kanuni za Hesabu za Mawakili. Wakili akilipia kodi ya ofisi kwa pesa ya mkono wa kaka yake MzeeWaFeri, hilo haliitwi tena deni la ada. Kifungu cha 80 kinalifanya kosa la jinai: umeaminiwa pesa kwa kazi ya uwakili, kazi imekwisha, hutoi pesa wala hesabu.

Bint_Tudor

Karani, turudi nyuma kidogo. Mtu atajuaje kwamba huyu aliyevaa suti na tai nyeusi ni wakili kweli? Baada ya yale ya 2023 mimi naogopa.

Kijana_Likoni

Yale ya yule aliyedaiwa kushinda kesi 26 bila kuwa wakili? Mimi nilisema huyo apewe cheti tu, amewapita wenye digrii 😂

KaraniMkongwe

Nchi nzima ilicheka, na wengi walisema kama wewe. Mimi sikucheka. Kesi 26 ni watu 26 au zaidi, na kila mmoja kati yao analala hajui kama hukumu yake itaguswa. Tena kilichodaiwa ni kwamba alijipenyeza kwenye mfumo wa LSK kwa kutumia akaunti ya wakili halisi mwenye jina linalofanana na lake. Tatizo halikuwa kipaji.

Kumjua wakili: njia ya kuingia ni ndefu. Digrii ya sheria, kisha mafunzo ya Kenya School of Law na mitihani yake, kisha miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, kisha anaomba kwa Jaji Mkuu, anaapishwa, anatia saini kwenye orodha. Lakini kuwa kwenye orodha hakutoshi. Kila mwaka lazima achukue cheti cha kufanyia kazi, na vyote vinakufa tarehe 31 Desemba. Kukipata anatakiwa awe amelipa ada za chama na amehudhuria mafunzo ya kila mwaka. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa wakili halali kabisa na bado mwaka huu hana ruhusa ya kusimama mahakamani.

Tovuti ya LSK ina sehemu ya kumtafuta wakili kwa jina. Itakuonyesha kama yuko hai kikazi, hana cheti, amesimamishwa au amefutwa. Tafuta jina kamili, si jina la kampuni lililoandikwa mlangoni. Linganisha na kitambulisho. Ikikutia shaka, uliza kwa mawakili wenzake: Mombasa Law Society ndilo tawi la chama hapa kwetu, na mji huu ni mdogo, mawakili wanajuana.

Mama_Zuleikha_Majengo

Asalaam aleikum wanangu. Mimi niliuza nyumba Majengo, nyumba bila ardhi kama kawaida yetu, ardhi ni ya mwenyewe tunamlipa kodi ya kiwanja. Karatasi ziliandikwa na mtu mwenye ofisi na mhuri. Juzi mnunuzi ananiambia ati yule si wakili, na cheti hana, na mauzo ni bure. Nirudishe pesa? Pesa nimeshampeleka mjukuu shule.

KaraniMkongwe

Waaleikum salaam mama. Tulia kwanza, usirudishe kitu leo.

Kuna mambo mawili ambayo mnunuzi wako anayachanganya. Ikiwa aliyeandika ni wakili halisi ila cheti chake cha mwaka huo hakuwa nacho, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing, kwamba hati haifi kwa sababu hiyo peke yake. Kosa ni la wakili na adhabu ni yake. Mteja asiyejua hawezi kupoteza mali kwa karatasi ambayo wakili wake hakuilipia. Kabla ya hapo mahakama zilikuwa zikivutana, na wajanja wenye mikopo ya benki walikuwa wakikimbilia hapo: "wakili aliyeandika rehani hakuwa na cheti, basi sidaiwi." Mlango huo ukafungwa.

Ikiwa si wakili kabisa, ni dalali aliyenunua mhuri, hilo ni jambo jingine. Kuandika hati za kuhamisha mali kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa, na uamuzi wa 2015 ulimhusu wakili asiye na cheti, haukumhusu tapeli. Lakini pesa ilipita baina yenu, nyumba ameingia, mashahidi wapo. Usikubali tu maneno ya mnunuzi kwamba mauzo ni bure. Chukua karatasi zako, mtafute wakili (kwa jina kamili, kwenye tovuti!) akusomee, na mwenye ardhi aulizwe kama anamtambua mnunuzi kuwa mpangaji wake wa kiwanja. Kwa nyumba bila ardhi, hilo la mwenye ardhi ndilo wanalolisahau wote, hata mawakili wengine kutoka bara.

Wakili_Kizingo

Kweli kabisa. Nimeona kesi nzima ikisimama kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenye ardhi.

Mama_Zuleikha_Majengo

Mungu awape kheri wanangu. Nimemtuma mjukuu anitafutie hilo jina kwenye simu.

Abu_Salma

Swali fupi. Wakili wa mirathi mahakama ya Kadhi naye anaguswa na haya, au huko ni mambo ya dini?

KaraniMkongwe

Anaguswa vile vile. Cheti ni kile kile, Tume ni ile ile. Kwa Kadhi unaweza pia kujisimamia mwenyewe, na wengi wanafanya hivyo.

Kijana_Likoni

Mimi bado siamini. Mawakili wawahukumu mawakili? Hata huko kwenye Jopo wamejaa wao. Wangewekwa watu wa kawaida, makuli, kina mama wa sokoni.

Wakili_Kizingo

Madaktari wanahukumiwa na nani? Wahandisi je? Mtu asiyejua kazi atajuaje kwamba hati ilichelewa kwa uzembe au kwa masjala?

KaraniMkongwe

Kijana, mimi niko upande wako nusu. Nimeona wakili akisimamishwa, na nimeona malalamiko yakikaa mpaka mlalamikaji akachoka akaacha. Tofauti mara nyingi haikuwa wema wala ubaya wa waamuzi. Tofauti ilikuwa karatasi. Aliyeleta risiti, barua na tarehe alisikilizwa. Aliyeleta hasira peke yake aliambiwa aje tena. Hilo haliwaoshi waamuzi, maana mtu wa Likoni asiyejua kusoma anakosa haki kwa sababu hakujua aombe risiti. Lakini wewe unaweza kuomba risiti leo, na kubadilisha Jopo ni kazi ya Bunge.

Tena msisahau mahakama yenyewe. Zamani ilikuwa kwenye lile jengo la 1902 lililotazamana na Fort Jesus, leo ni ukumbi wa maonyesho, mnaingia kutazama picha mahali walipokuwa wakihukumiwa babu zenu. MzeeWaFeri, hili ni lako. Amri ya 52 ya Kanuni za Kesi za Madai inamruhusu mteja kuomba mahakama imwamuru wakili atoe hesabu ya pesa alizopokea kwa niaba yake na azilipe. Huhitaji kusubiri Jopo limalize. Watu wanang'ang'ania wakili afutwe kazi. Afutwe, sawa, lakini wakili aliyefutwa na mwenye mfuko mtupu hatakulipa vidole vya kaka yako. Amueni mnataka nini kwanza: pesa, au adhabu. Ukitaka pesa, kwenda mapema ni bora, akiwa bado ana ofisi na jina la kulinda.

MzeeWaFeri

Tunataka pesa. Adhabu tumwachie Mungu na hao jamaa wa Jopo.

Nimeandika barua ya kumdai, nimeipiga picha. Nimesema: "Wewe ni mwizi mkubwa na umelaaniwa, usipolipa ndani ya siku saba tutakuja na vijana wa Likoni."

Kijana_Likoni

Tuko tayari mzee 😂

KaraniMkongwe

Mzee, barua hiyo ikifika mezani kwa Tume, wewe ndiye utakayejieleza. Ondoa mwizi, ondoa laana, ondoa vijana. Andika jina la kaka yako na namba ya kesi. Andika: tarehe fulani kesi ilimalizika kwa makubaliano ya shilingi kadhaa. Kampuni ya bima imetujulisha kwamba ilikulipa tarehe fulani. Tunaomba, ndani ya siku 14, hesabu kamili ya pesa ulizopokea, ada yako ulivyoikokotoa, na salio. Kaka yako atie saini yeye, kwa sababu mteja ni yeye na si wewe. Akishindwa kushika kalamu kwa mkono ule, aweke dole gumba mbele ya shahidi. Mpeleke nakala mbili, moja ibaki kwao, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo.

MzeeWaFeri

Wakikataa kuigonga mhuri?

Wakili_Kizingo

Itume kwa posta ya kusajiliwa na uitunze risiti. Uitume pia kwa barua pepe ya ofisi, ile iliyo kwenye tovuti ya LSK chini ya jina lake. Na mzee, ukishapata jibu la bima, niandikie inboksi kabla ya siku 14 kwisha. Ombi la Amri ya 52 nitakuandikia mimi, na ada tutaiandikiana.

Abu_Salma

Si thuluthi?

Wakili_Kizingo

Si thuluthi, shekhe.